Pikalyovo: mji mmoja, wenye mali watatu

Kiasi cha kilomita 250 mashariki ya St. Petersburg, kando ya reli iendayo Vologda, upo mji wa Pikalyovo. Ni mji mdogo. Sensa ya 2010 haikuhesabu hata wakaazi 22,000. Hata hivyo, mwezi Juni 2009 Urusi nzima ililisikia jina lake, na kisa chake kinastahili kusimuliwa tangu mwanzo, kwani msukosuko wa fedha duniani haukuwa chanzo pekee.

Hapo kale palikuwa na kituo cha reli tu. Kilichowavutia wapangaji wa uchumi wa Kisovieti ni mawe ya chokaa. Ujenzi wa kiwanda cha saruji ulianza katika miaka ya 1930, ukakatizwa na vita, na mwaka 1954 makaazi ya wafanyakazi yakapewa hadhi ya mji. Mwaka 1959 kikaanza kazi kiwanda cha alumina, unga mweupe ambao kwao hupatikana aluminiamu.

Kwa kawaida alumina hutokana na boksaiti. Pikalyovo ilitumia nefelini, iliyoletwa kwa reli kutoka rasi ya Kola, kaskazini ya mbali, ambako ilikuwa mabaki ya uchimbaji wa madini ya mbolea. Ilichanganywa na mawe ya chokaa na kuchomwa katika tanuri. Ikatoka alumina, yakatoka magadi (bidhaa ile ile ambayo Kenya huipata katika Ziwa Magadi), ikatoka potashi. Na tope lililobaki likawa malighafi ya saruji. Hakikutupwa kitu. Mtambo mmoja ulivipatia viwanda mvuke, na nyumba za mji maji ya moto.

Kiwiliwili hicho kimoja ndicho kilichokatwa vipande baada ya kusambaratika kwa Muungano wa Kisovieti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alumina, saruji na magadi vikawa chini ya kampuni tatu mbalimbali, kila moja ikitafuta faida yake. Wenye nefelini na wenye alumina wakagombana juu ya bei. Mwanzoni mwa 2009 viwanda vyote vilikuwa vimesimama, na mishahara haikulipwa. Mwezi Mei hata maji ya moto yakakatika, kwa sababu ya deni la gesi.

Tarehe 20 Mei mamia ya wakaazi waliuvamia mkutano katika ofisi ya meya. Hawakusikilizwa. Tarehe 2 Juni wakaifunga barabara kuu ya Vologda kwa saa kadhaa, na hapo ndipo Moscow ilipogeuza shingo. Siku mbili baadaye waziri mkuu Vladimir Putin aliwasili, akawakaripia wenye viwanda mbele ya kamera, akamtupia kalamu Oleg Deripaska, aliyetajwa mwaka 2008 kuwa tajiri namba moja wa Urusi, ili atie saini mkataba. Kisha akamtaka airudishe kalamu hiyo.

Malimbikizo ya mishahara, zaidi ya rubli milioni 41, yaliamriwa kulipwa siku ile ile, na viwanda vikarejea kazini. Orodha ya serikali ya 2014 ilikuwa na zaidi ya miji 300 inayotegemea kiwanda kimoja au viwili, Pikalyovo ikiwemo. Ama ule mkataba, ulihusu upatikanaji wa nefelini. Suala la viwanda vitatu kuwa na wenyewe watatu haukuligusa.