Ebitinge na Mawe ya Tabaka: Bling ya Kisii na Nyamira Yenye Wengi Wetu Hatuijui

Wasee, wacha nianze na kitu bado inaniuma. Nikiwa form three, msee wa kununua chuma kuukuu alipita kwetu ushago, Nyamira, na mkokoteni wake. Mathee akaingia kwa store ya shosh, akatoa jembe limevunjika, vipande viwili vya mabati, na fungu la pete nyembamba za chuma zilizokuwa zimeshikana na kutu. Zote zikapimwa pamoja kwa kilo. Doh ilitosha sukari na mkate. Jioni shosh akauliza, "Na ebitinge za mama ziko wapi?" Hakuna mtu alijibu.

Hata mimi sikujua ebitinge ni nini. Nilikuja kujua baadaye sana, nikiwa nimetoka chuo bila karatasi na nimeanza kuandika stori za fashoni. Kila nikiangalia urembo wa ajabu kwa ranwei za Paris na London, akili inarudi kwa lile fungu la kutu. So leo nakuwekea kila kitu hapa, ndio ukisikia msee wa chuma akipita kwenu, uwahi store kabla ya mathee.

Ebitinge ni nini hasa?

Ni pete za chuma ambazo mwanamke wa Kigusii alivaa juu ya vifundo vya miguu akishaolewa. Moja inaitwa egetinge. Na si kuolewa hivi hivi, ile ya kuhama na begi usiku. Mahari ya ng'ombe inalipwa, halafu kuna sherehe kubwa ya kukamilisha ndoa, enyangi. Hapo ndipo ebitinge zilivishwa. Baada ya hapo huzitoi kama unavyotoa hereni ukienda kulala. Unalima nazo, unateka maji nazo, unazaa nazo. Zinakaa mguuni mpaka mume afe au ndoa ivunjike, na kuzitoa kulikuwa ni kutangaza kwa kijiji kizima.

Fikiria pete ya ndoa, lakini iko mguuni, na ni nyingi. Na venye Gusii ni milima tupu, mtu akikuona ukipanda mbele yake anajua wewe ni bibi ya mtu kabla hajaona uso wako. Shosh anasema mama yake alisikika kabla ya kuonekana, na watoto walikuwa wanaacha utundu wakisikia hiyo sauti ikikaribia. Zile zilizouzwa kwa kilo ndizo hizo. Zilitolewa mguuni mzee alipofariki, zikawekwa.

Kazi ya kuzitengeneza ilikuwa ya abaturi, wale wafua chuma wa Kigusii, watu wale wale waliotengeneza majembe na mikuki. Yaani fundi wa silaha ndiye alikuwa pia sonara wako. Hiyo kwangu ni luku tayari.

Zilienda wapi?

Misheni ya Wakatoliki ilifika Nyabururu 1911, Waadventista wakaingia Nyanchwa 1912, na kama umelelewa Kisii ama Nyamira hauhitaji nikueleze Sabato ni nini. Kwa Waadventista urembo wa mwili ni hapana tangu zamani: hereni, mkufu, bangili, zote. Mimi nimekaa kanisani miaka yangu yote ya utoto nikiwa na matundu ya masikio niliyotoboa kisiri, nikiyafunika na nywele. Kwa hivyo mama mwenye chuma hadi juu ya kifundo alikuwa na kazi ya kuchagua.

Lakini tusilaumu kanisa pekee, ju enyangi yenyewe ilikuwa gharama. Unalisha ukoo mzima, unachinja, unapika pombe. Watu wakaanza kuishi pamoja wakisema sherehe tutafanya baadaye, na baadaye haikufika. Bila enyangi hakuna ebitinge. Ukitaka kusoma kwa undani, Robert na Barbara LeVine, Wamarekani walioishi Gusii miaka ya 1950, waliandika kitabu kinaitwa Nyansongo, kilitoka 1966. Ni cha kisomi lakini kinasomeka.

Sasa ona huku nje

Mwaka wa 1999 mbunifu Alexander McQueen alionyesha mkusanyiko unaitwa The Overlook. Ndani yake kulikuwa na kitu cha kuvaliwa kifuani kilichotengenezwa na sonara Shaun Leane: pete za aluminiamu zimepangwa moja juu ya nyingine kuanzia kiunoni hadi shingoni, mwanamke amefungiwa ndani kama springi. Wazo lilitoka kwa pete za shingo za wanawake wa Ndebele, Afrika Kusini. Mwaka wa 2017 kile kitu kiliuzwa kwa mnada wa Sotheby's kwa dola 807,000. Sasa rudi kwa sukari na mkate.

Wandebele hao hao ndio wako nyuma ya zile pete za shingo za Dora Milaje kwa Black Panther ya 2018. Sonara wa hiyo filamu alikuwa Douriean Fletcher, na mbunifu wa mavazi, Ruth E. Carter, akabeba Oscar 2019. Na usidhani ni watu wa mbali pekee. Ami Doshi Shah, Mkenya anayefanyia kazi Nairobi, anatumia shaba, katani, mpaka fuwele za chumvi, na kazi yake iliwekwa kwa maonyesho ya Africa Fashion pale V&A, London, 2022. Chumvi, wasee! Kama chumvi imefika London, chuma ya shosh yangu ilikosa nini? Ilikosa mtu wa kuiangalia mara mbili.

Ukitaka zako

Hapa nimejaribu mwenyewe, so nisikilize. Enda kwa fundi wa jua kali mwenye mashine ya kukunja vyuma, mpelekee uzi uliopima mguu wako juu ya kifundo. Mwambie aache mwanya kwa kila pete, ju mguu wako ni mpana kuliko kifundo na usipoacha nafasi haitapita kisigino. Ncha zipigwe tupa mpaka zisikwaruze, kisha msasa. Chuma ya kawaida itakula kutu ukitoa jasho, kwa hivyo pakia ile rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili. Aluminiamu ni nyepesi na haishiki kutu, lakini haina ule mlio. Mimi nilichagua mlio.

Kitu kimoja: usiende nazo ushago ukidhani ni drip tu. Wazee wanajua maana yake, na wataanza kuuliza ni nani alilipa ng'ombe.

Na mawe?

Hii ndiyo side nyingine ya bling yetu, na hii bado iko hai. Tabaka, Kisii, ndiko jiwe la sabuni linachimbwa na kuchongwa. Ni laini hadi unalikata na panga na kulichonga na kisu likiwa na maji. Kuna jeupe, la krimu, la pinki, la kijivu. Kawaida wanaume wanachonga, halafu wanawake wanaosha na kupiga msasa, kisha linapakwa nta mpaka ling'ae. Zile zenye rangi kali zimepakwa, halafu michoro ikakwaruzwa juu ili weupe utokee.

Wengi tunajua viboko na sahani za sabuni. Lakini kuna shanga, vipuli, vidani na hata pete za kidole. Na usiambiwe ni vitu vya watalii tu: Elkana Ong'esa, mchongaji wa huko huko Tabaka, ana sanamu yake, Bird of Peace, kwa makao makuu ya UNESCO, Paris.

Kuvaa jiwe kuna masharti. Pete ya kidole itavunjika siku utagonga mlango wa mathree, hakuna kama. Hereni kubwa zitavuta sikio, so chukua nyembamba. Kidani ndicho salama zaidi, na kamba ya ngozi ni bora kuliko mnyororo, ju mnyororo unalikula jiwe pole pole kwa tundu. Likififia, paka nta kidogo ama mafuta ya nazi, sugua na kitambaa. Na weka mbali na funguo, ju zitalichora.

Kinachoniudhi ni hiki: hereni zikifika madukani Nairobi, kibandiko kinasema Made in Kenya na basi. Jina la mchongaji halipo, la mama aliyepiga msasa ndio kabisa. Nilinunua jozi moja Tabaka kwenyewe, nikamwambia mama aliyeniuzia aandike jina lake nyuma. Alicheka sana. Halafu akachukua msumari akakwaruza herufi mbili, akaniuliza kama naona zimekaa vizuri.