Barabara ya Salgaa: Habari za Ajali Tangu Zamani Hata Sasa

Msomaji wa taarifa hizi za kila mwaka hutazama kwanza hesabu ya fedha, na katika hesabu hiyo hutazama kwanza fungu la matanga. Ni haki yake. Lakini fungu hilo halielezi watu walikufaje, wala kwa nini wengi wao walifia mahali pamoja. Kwa hiyo tumeona yafaa kuandika humu habari za barabara itokayo Nakuru kupanda Mau, na hasa za mji mdogo wa Salgaa, ambao jina lake limejulikana Kenya nzima kwa sababu ambayo wakazi wake hawakuitaka.

Salgaa iko kiasi cha kilomita 30 kutoka Nakuru, katika barabara kuu iendayo Eldoret na Malaba. Ili kuifahamu habari yake, yafaa kuanza na kimo cha nchi. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Mau Summit yapita mita 2,500. Tofauti hiyo yote motokaa huipanda au kuiteremka kwa mwendo wa saa moja tu. Apitaye kwa gari dogo haoni sana kwamba anateremka, maana mteremko si mkali kama ukuta. Ni mrefu. Urefu huo ndio uliowadanganya madereva wengi, kwa kuwa mteremko mkali humtisha mtu akapunguza mwendo, na mteremko mrefu humbembeleza.

Zamani mizigo mizito haikupita barabarani. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, kisha katika miaka ya 1920 njia nyingine ikajengwa kutoka Nakuru kupitia Timboroa hadi Eldoret, na mwaka 1931 gari la moshi likafika Kampala. Chai, kahawa, pamba, saruji na mafuta vilikwenda kwa behewa. Sheria za leseni za uchukuzi za siku za ukoloni zilikusudiwa pia kuilinda reli, ili malori yasiinyang'anye kazi. Sheria ya Barabara na Magari ilitungwa mwaka 1953, na hiyo, baada ya kurekebishwa mara nyingi, ingali ndiyo msingi wa sheria za barabarani za Kenya. Waliyoiandika hawakuweza kuwaza malori mia moja yaliyofuatana usiku kucha kuelekea mpakani.

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu kuchukua abiria bila leseni za uchukuzi zilizohitajiwa kabla, na watu wengi wakapata riziki na usafiri. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika, na shirika la reli lililokuwa la nchi tatu likagawanywa. Tangu hapo reli ilizidi kudhoofika, na biashara ya Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki haikudhoofika, ila ilikua. Mzigo usipopata behewa hutafuta lori. Bomba la mafuta lilifikishwa Nakuru, Eldoret na Kisumu mwaka 1994, na hilo lilipunguza safari ndefu za malori ya mafuta kutoka pwani, lakini halikuyaondoa barabarani.

Hapo ndipo Salgaa ilipopata maisha yake. Lori lipandalo kutoka Nakuru hupumzika pale kabla ya kilima; lile literemkalo hupumzika pale baada yake. Dereva na taniboi wake huhitaji chakula, chai, mahali pa kulala, fundi wa magurudumu na mtu wa kulinda mzigo. Hivyo pakatokea hoteli, gereji, nyumba za wageni na vibanda vya mahindi na nyama ya kuchoma, vyote vikiangalia barabara, maana fedha ilitoka barabarani. Wako wanaoulaumu mji huu kwa tabia zake za usiku. Sisi hatutaki kuingia katika lawama hizo. Mama auzaye chai saa nane za usiku hakuuchagua usiku; aliwafuata wateja wake.

Sasa tuseme juu ya mteremko na lori, maana hapa ndipo penye kiini cha mambo, na watu wengi hulizungumza bila kulifahamu. Lori lililojaa mzigo, likiteremka, husukumwa na uzito wake mwenyewe. Dereva aliyefunzwa vema huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, ili injini yenyewe izuie magurudumu, na breki huzigusa kwa uchache. Dereva mwingine hulitoa gari katika gia, akaliacha literemke lenyewe. Kwa nini afanye hivyo? Kwa sababu aona anaokoa mafuta. Mara nyingi dereva hupewa mafuta ya kipimo kwa safari, na yanayobaki huweza kuyauza. Mshahara ukiwa mdogo, lita chache si kitu kidogo.

Lakini gari lisilo katika gia halina cha kulizuia ila breki. Breki zikikanyagwa kilomita baada ya kilomita hupata moto, na zikipata moto sana hazishiki tena, hata dereva akanyage kwa miguu miwili. Wala hawezi kwa urahisi kurudisha gia wakati huo, kwa kuwa magurudumu yamekwisha kuizidi injini mbio. Basi wasemapo baada ya ajali kwamba breki zilikatika, mara nyingi neno hilo ni nusu ya habari. Breki zilichoshwa kwanza, juu kule kilimani, dakika kumi kabla mtu ye yote hajaona hatari.

Walikuwako watu waliosema kwamba mahali pale pana mapepo, na maombi yamefanywa pale barabarani na watu wa dini. Hatuwadharau waombao, aliyemzika mwanawe ana haki ya kuomba. Ila twaona ajabu kwamba mapepo hayo huwapenda zaidi wateremkao kuliko wapandao, na malori yenye mizigo kuliko matupu.

Ajali ya kwanza iliyowafanya watu wa nchi nyingine wajue majina ya sehemu hizi haikuwa ya kugongana. Tarehe 31 Januari, mwaka 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, juu ya Salgaa. Petroli ilimwagika mtaroni, na watu wa jirani, pamoja na wasafiri walioshuka magarini, wakakimbilia kuchota kwa ndoo na madebe. Moto ukashika. Waliokufa walizidi mia moja, na wengi hawakuweza kutambuliwa, wakazikwa pamoja. Yapo maneno mengi yaliyosemwa juu ya tamaa ya wale waliochota. Wasemao hivyo wakumbuke kwamba mwezi huo huo Serikali ilikuwa imetangaza njaa kuwa janga la taifa. Mtu aliyeona shilingi mia tano zikitiririka mtaroni hakuona petroli tu.

Kabla ya hapo Serikali ilikuwa imejaribu dawa kali. Waziri wa Uchukuzi, Bwana John Michuki, alitoa kanuni zilizoanza kufuatwa tarehe 1 Februari 2004: mikanda ya viti, vidhibiti mwendo visivyopita kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, sare za dereva na kondakta, na abiria kutozidi idadi ya viti. Nchi ilishangaa kuona matatu yakitii, na kwa muda abiria walisafiri kwa amani. Kisha mikanda ikachakaa, vidhibiti mwendo vikafunguliwa nyaya zake, na wasimamizi wakachoka kabla ya wavunja sheria. Tena kanuni zile ziliyatazama matatu zaidi, na adui mkubwa wa Salgaa alikuwa lori. Mwaka 2012 Bunge liliunda mamlaka ya taifa ya uchukuzi na usalama barabarani, na mwishoni mwa mwaka 2013 vikaja vipimo vya ulevi, ambavyo Mahakama ya Rufani ilitangaza mwaka 2017 kwamba kanuni zake hazikuwa halali kama zilivyoandikwa.

Mwaka 2017 ulipokuwa unakwisha, hesabu iliiva. Desemba ile ilikuwa na ajali kadhaa katika kipande hicho cha njia, na alfajiri ya tarehe 31, karibu na Migaa, basi lililotoka Busia liligongana uso kwa uso na lori. Watu 36 walikufa, wengi wakiwa usingizini. Siku hiyo hiyo ikatoka amri kwamba mabasi ya safari ndefu yasisafiri usiku, amri iliyoondolewa baadaye. Lakini amri iliyofaa zaidi ilikuwa ya mafundi. Mwaka 2018 barabara ilipanuliwa katika sehemu hiyo, na ukuta wa saruji ukawekwa katikati, ili wapandao na wateremkao wasiweze kukutana hata kwa bahati mbaya.

Twasema wazi kwamba ukuta ule umefanya kazi kuliko mahubiri yote yaliyotangulia, na yetu yamo. Migongano ya uso kwa uso ilipungua kwa namna ambayo kila asafiriye huiona. Haukumgeuza dereva ye yote kuwa mwema. Ulimzuia tu asivuke upande wa pili. Hili ni jambo ambalo vyama kama vyetu huona taabu kulikubali, kwa kuwa tumezoea kufikiri kwamba watu wakifundishwa vya kutosha ajali zitakwisha. Mafunzo yanafaa. Lakini dereva aliyekesha siku mbili kutoka Mombasa atakosea hata kama ana cheti, na barabara njema ni ile ambayo kosa lake halimuui mtu wa upande mwingine.

Hata hivyo ukuta una upande wake wa pili, na hapo ndipo wanachama wetu wanapoguswa. Ukuta huzuia magari, na huzuia pia mama mwenye debe la maji na mtoto aendaye shule. Atakaye kuvuka hutafuta nafasi, na nafasi ikiwa mbali hupanda ukuta. Kumwambia kwamba afanya makosa ni rahisi kwa mtu aliye ndani ya gari. Tangu zamani waenda kwa miguu ndio walio wengi katika wafu wa barabara za Kenya. Baada ya mwaka 2008, Serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani katika pikipiki ndogo, bodaboda zikaongezeka sana, na wapandao pikipiki wakaingia kwa wingi katika daftari hilo hilo. Mwaka 2018 nchi nzima ilipoteza watu zaidi ya 3,000 barabarani. Mwaka 2024 walizidi 4,700. Yaani Salgaa ilipopata nafuu, Kenya haikupata.

Halafu ikaja Londiani. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lenye kontena, likitoka upande wa Nakuru kwenda Kericho, liliacha njia penye njia panda ya Londiani, likaparamia matatu, pikipiki, na wauzaji waliokuwa kando ya barabara na vitu vyao. Watu zaidi ya hamsini walikufa. Mahali pale si Salgaa, na barabara ni nyingine, ila kilima ni kile kile cha Mau, na malori ni yale yale. Tofauti yake ni kwamba wengi wa waliokufa hawakuwa safarini. Walikuwa kazini. Waliuza viazi, mboga na mahindi, au walingoja abiria.

Serikali iliamuru masoko ya kando ya barabara yaondolewe. Amri hiyo ina akili, nasi hatuipingi. Lakini tumewahi kuona masoko yakihamishwa, na twajua lililofuata. Soko jipya hujengwa mahali palipopatikana kiwanja, si mahali wanunuzi wanapopita. Wauzaji hukaa humo wiki mbili bila kuuza, kisha mmoja hurudi barabarani na kikapu chake, na wa pili humfuata ili asinyang'anywe wateja. Baada ya miezi michache wote wamerudi, nao huitwa wakaidi. Muuza mahindi wa Salgaa humuuzia dereva. Soko likihamishwa bila kuhamisha pia mahali pa malori kusimama, hakuna kilichohamishwa ila mabati. Mahali pa kuegesha malori pawe mbali na njia ya mbio, pawe na taa, maji na vyoo, na soko liwe ndani yake au mlangoni pake. Hapo wauzaji wataondoka barabarani bila kufukuzwa na askari.

Mwishoni mwa mwaka 2025 Serikali ilizindua kazi ya kuipanua barabara yote kutoka Rironi hadi Mau Summit, iwe ya njia zilizotengwa. Salgaa imo katikati ya kazi hiyo. Njia pana huleta mwendo mkubwa zaidi, na mwendo ukiongezeka maradufu nguvu ya kugonga huongezeka mara nne. Kwa hiyo, mafundi watakapokuja na ramani zao, twawaomba wanachama wa upande huo wasiulize kwanza habari za fidia ya viwanja, ijapokuwa nayo ni haki yao. Waulize watoto wa shule watavukia wapi, daraja la waenda kwa miguu litakuwa umbali gani na soko, na malori yatasimama upande gani wa barabara. Kisha majibu yaandikwe na kutiwa sahihi kabla saruji haijamwagwa.