Mafundi wa Laini Saba na Kompyuta Zilizozimika Ovyo

Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, baadhi ya kompyuta za mitumba katika saiba na vibanda vya uchapaji vya Kibera jijini Nairobi, kijiji chake cha Laini Saba kikiwamo, zilibadilishiwa mfumo wa uendeshaji, yaani programu kuu inayosimamia mashine nzima, huku vifaa vyake vikibaki vilevile. Windows XP iliridhika na memori ya megabaiti 64, ilhali Windows 7 iliyowekwa badala yake ilidai angalau gigabaiti 1. Tena draiva, yaani programu ndogo zinazouunganisha mfumo na kadi ya picha au printa, mara nyingi hazikuwapo kwa mashine za zamani, na zisizolingana zilipolazimishwa, skrini ya buluu ya hitilafu ikawa haikomi. Lawama ziliuangukia mfumo mpya, pengine bila haki, kwani kasoro huenda ilikuwa kwenye vifaa vyenyewe. Fundi makini alichomoa memori, akasugua meno yake kwa raba ya kufutia penseli, akarudisha kipande kimoja kimoja na kuwasha upya kila mara, kisha akakagua kapasita, yaani vijisilinda vinavyotunza chaji, za ubaomama, bao kuu la saketi, kwani nyingi zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilivimba vichwa na kuvuja. Umeme nao, ukikatika faili za mfumo zikiandikwa, ulitosha kuharibu usakinishaji mzima.