Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kwa kawaida methali hii hutajwa pale mgeni anapobisha hodi, akachinjiwa kuku, na watu wa nyumbani nao wakapata kitoweo kwa sababu yake. Lakini mgeni huyo akiwa ni daktari, maneno yale yale huchukua maana nzito zaidi, kwa kuwa kupona kwa mwenyeji huwa ni kupona kweli. Nchi zetu za Afrika Mashariki zimepokea madaktari wengi kutoka ng'ambo. Na katika siku zetu hizi madaktari waliozaliwa na kusomeshwa hapa nao huvuka bahari kwenda kufanya kazi ugenini. Bila shaka miongoni mwa wasomaji wa kurasa hizi wamo vijana wenye nia hiyo. Ni vema basi kuuliza: Je, daktari mgeni huwafaa wenyeji wake kwa jambo gani hasa, na akiondoka huwaachia nini? Ili tupate jibu, na tuyatazame maisha ya mtu mmoja, Albert Ruskin Cook, aliyetoka Uingereza akaishi Uganda miaka 54.

Cook alizaliwa Hampstead, mjini London, mwaka wa 1870. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akajifunza udaktari katika Hospitali ya St Bartholomew's, London. Kijana mwenye elimu ya namna hiyo angeweza kufungua mlango wake katika mtaa wowote wa mji ule na kupata riziki njema. Yeye alichagua kwenda Buganda pamoja na wamisionari wa Kanisa la Kiingereza. Mwaka wa 1896 alitia nanga Mombasa. Wakati huo kazi ya kutandika reli ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, na mji wa Nairobi haukuwako bado. Ilimlazimu yeye na wenzake kwenda kwa msafara, wapagazi wakichukua mizigo kichwani, wakapita nyika, Bonde la Ufa na milima, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Katika msafara huo alikuwamo muuguzi mmoja, Katharine Timpson, ambaye alikuja kuwa mke wa Cook mwaka wa 1900. Walifika Mengo, mji mkuu wa Kabaka, mwezi wa Februari 1897.

Isidhaniwe kwamba walifika mahali pasipojua tiba. Miaka 18 kabla yao, yaani mwaka wa 1879, Mwingereza mmoja aitwaye Robert Felkin alipita katika nchi ya Bunyoro, akashuhudia jambo ambalo wengi wa Ulaya walishangaa kulisikia. Mama mmoja alishindwa kujifungua, na mganga wa Kinyoro akampasua tumbo kumtoa mtoto. Kwanza alimnywesha mama pombe ya ndizi ili apunguze maumivu. Kwa pombe hiyo hiyo akaosha mikono yake na tumbo la mgonjwa. Alizuia damu kwa chuma cha moto, akafunga jeraha kwa vijiti vya chuma na nyuzi, akalipaka dawa ya mizizi. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona, na mama na mtoto wote wawili walikuwa hai. Felkin aliandika habari hizo katika jarida la madaktari la Edinburgh mwaka wa 1884. Kwa hiyo daktari mgeni hakuingia katika nyumba yenye giza tupu. Taa ilikuwamo, ingawa haikuangaza kila pembe.

Kazi ya Cook ilianza kwa vifaa vichache. Mwaka ule ule wa 1897 alifungua hospitali ndogo Mengo, jengo la miti, matete na nyasi. Kabla mwaka haujaisha, Kabaka Mwanga aliwaasi Waingereza, na askari wa Kisudani wa serikali nao wakafanya maasi. Daktari akajikuta akitibu majeruhi wa vita. Mwaka wa 1899 ndugu yake, Jack Cook, aliyekuwa daktari pia, alikuja kumsaidia. Jengo jipya na kubwa zaidi lilikuwa limekwisha simama, lakini mwaka wa 1902 radi ililipiga likateketea. Mtu aliyekuja kwa matembezi tu angeliona moto ule kuwa ni ruhusa ya kurudi kwao. Cook alibaki, na hospitali ikajengwa tena, safari hii kwa matofali.

Methali nyingine hunena, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Jembe la kwanza alilolishika Cook lilikuwa lugha. Daktari asiyeelewa maneno ya mgonjwa ni kama fundi anayetengeneza saa hali amefumba macho. Huenda akabahatisha, lakini hajui agusalo. Maumivu yana majina yake katika kila lugha: kuna yanayochoma, yanayokata, yanayovuta, na yanayopwita. Cook alijifunza Kiganda kwa bidii, na mwaka wa 1903 alitoa kitabu cha maneno na sentensi za udaktari katika lugha hiyo, ili madaktari watakaomfuata wasianze gizani. Jembe la pili lilikuwa kalamu. Tangu siku za mwanzo aliandika habari za wagonjwa waliolazwa: dalili zao, ugonjwa uliotambuliwa, tiba, na mwisho wake. Tutaona baadaye faida ya kalamu hiyo.

Mwaka wa 1901 msiba mkubwa uliifikia nchi. Walianza kuletwa Mengo wagonjwa waliokonda, wenye homa, waliosinzia mchana na hatimaye kulala usingizi usioamka. Ndugu wawili hao, Albert na Jack, ndio waliokuwa wa kwanza kuutambua nchini Uganda ugonjwa wa malale. Serikali iliarifiwa, wataalamu wakaletwa kutoka Ulaya, na mwaka wa 1903 Daktari David Bruce alionyesha kwamba ugonjwa huo huenezwa na mbung'o. Lakini kujua si kuponya. Dawa ya kufaa haikuwako, na hesabu za wanahistoria zaonyesha kwamba zaidi ya watu 200,000 walikufa katika Buganda, Busoga na visiwa vya Ziwa Viktoria katika miaka iliyofuata. Serikali iliamua kuwahamisha wenyeji wa pwani ya ziwa na visiwani, na nchi iliyojaa migomba ikarudi kuwa msitu. Hapa lipo funzo kwa kila anayetaka kuwa daktari. Elimu hufika mahali ikakwama, na mgonjwa yuko mbele yako akikutazama. Hapo huna la kumpa ila uangalizi, ukweli, na kuandika ulichokiona ili mwingine apate kuanzia hapo.

Historia ya haki haina budi kutaja makosa pamoja na sifa. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, Cook na madaktari wengine wa serikali waliamini kwamba sehemu kubwa ya Waganda walikuwa na kaswende, na kwamba sababu yake ilikuwa kulegea kwa adabu za kale. Neno hilo lilienea hata ng'ambo na kuwavunjia watu heshima. Serikali ilianzisha hatua za kupambana na ugonjwa huo, na watu wakalazimishwa kupimwa. Wanahistoria wa leo wanafikiri kwamba wengi wa wagonjwa wale hawakuwa na ugonjwa wa zinaa hata kidogo, bali walikuwa na buba au maradhi mengine ya ukoo huo. Viini vya buba na vya kaswende hufanana sana, na hata vipimo vya damu haviwezi kuvitenganisha. Mgeni aliyekuwa hodari wa kusikia maneno ya mgonjwa mmoja mmoja alikosea alipotaka kuhukumu tabia za taifa zima. Kosa la daktari ugenini lina mbawa: huruka mbali kwa sababu watu wa kwao humwamini yeye kuliko wenyeji.

Hata hivyo, kutokana na hofu hiyo ya maradhi na ya kupungua kwa watu lilitokea jambo jema lililodumu. Katharine Cook alikuwa ameona akina mama wengi na watoto wachanga wakifa kwa kukosa msaada wenye ujuzi. Kuanzia mwaka wa 1918 alijitia katika kazi ya kuwafundisha wasichana wa Uganda ukunga. Wakunga waliohitimu walitumwa mashambani kuongoza vituo vidogo vya uzazi, mbali na Mengo, pasipo daktari wa Kizungu wa kuwaelekeza kila saa. Kitabu cha ukunga kiliandikwa kwa Kiganda kwa ajili yao. Hivyo msichana wa kijijini, aliyetazamiwa na wengi kuwa mshika taa tu, akawa ndiye mwenye kuamua nini kifanywe usiku mama anapofikwa na taabu.

Mwaka wa 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Cook alianzisha pia mafunzo ya udaktari kwa vijana wa Kiafrika hapo Mengo. Shule hiyo haikukaa muda mrefu, lakini kazi yenyewe haikufa. Karibu na hapo ilikuwapo hospitali ya serikali ya Mulago, iliyoanzishwa mwaka wa 1913. Na mwaka wa 1924 mafunzo ya udaktari yalianza Makerere. Vijana walikwenda huko kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Unguja. Kwa miaka mingi Makerere ndiyo iliyokuwa chemchemi ya madaktari wa Afrika Mashariki, mpaka nchi nyingine zilipochimba visima vyao. Hapa Kenya shule ya udaktari ya Nairobi ilianza mwaka wa 1967.

Katharine alifariki mwaka wa 1938. Albert, aliyekwisha kupewa cheo cha Sir mwaka wa 1932, hakurudi kwao kusubiri mwisho wake. Alifia Kampala mwaka wa 1951, na wote wawili wamezikwa Namirembe, kilima kilicho karibu na hospitali yao. Maandishi yake yaliendelea kusema baada ya kinywa chake kunyamaza. Mwaka wa 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago aliyetoka Ireland, alieleza juu ya uvimbe wa saratani unaowapata watoto kwenye mataya. Palikuwa na swali kama ugonjwa huo ni mpya. Madaktari walifunua madaftari ya Mengo tangu mwaka wa 1897, wakaona kwamba watoto wa namna hiyo walikuwa wakiletwa kwa Cook tangu zamani. Mwaka wa 1964 uchunguzi wa saratani uliotokana na madaftari hayo ulichapishwa, nao ulihusu karibu miaka 60.

Kipimo kikubwa cha kazi ya wageni kilikuja baada ya Cook kufa. Mwaka wa 1971 Idi Amin alitwaa serikali ya Uganda, na mwaka wa 1972 aliamuru Waasia waondoke. Miongoni mwao walikuwamo madaktari. Walimu wa Kizungu nao waliondoka, na Waganda wengi wenye shahada za udaktari walikimbia kuokoa maisha yao, wengine wakaja Kenya. Dawa na vifaa vikawa adimu. Lakini milango ya shule ya udaktari ya Makerere haikufungwa. Walimu wenyeji waliobaki waliendelea kufundisha, na wanafunzi wakaendelea kuhitimu. Lau wageni wangalikuwa wametibu tu pasipo kufundisha, ujuzi wote ungalipanda ndege pamoja nao.

Siku hizi njia ya msafara imegeuka. Idara ya taifa ya afya ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka wa 1948, imewategemea sana madaktari waliosomea nchi nyingine, hasa Bara Hindi na Afrika. Sisi tuliopokea wageni tumekuwa watoaji wa wageni. Kijana wa Kenya anayekwenda kutibu ng'ambo hafanyi dhambi. Huenda anafuata elimu ya juu zaidi, vifaa bora, au mshahara wa kuwalea wazazi waliouza mashamba ili asome. Lakini nchi iliyomsomesha kwa miaka mingi hubaki na kitanda kisicho na daktari. Kwa sababu hiyo mwaka wa 2010 mataifa yaliyokutana katika Shirika la Afya Duniani yalipatana juu ya kanuni za kuajiri wahudumu wa afya kutoka nchi nyingine. Kanuni hizo huzitaka nchi tajiri zisiajiri kwa bidii watu wa nchi zenye upungufu mkubwa, na huheshimu vilevile uhuru wa mtu kwenda atakako. Ni kanuni za hiari. Hazina askari wa kuzisimamia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya neno hili imewekwa katika dhamiri ya daktari mwenyewe na katika busara ya serikali yake, ambayo haiwezi kumdai uaminifu mtumishi isiyempa kazi wala vifaa.

Basi, wewe kijana utakayevuka bahari na mkoba wa udaktari mkononi, chukua pamoja na shahada yako mambo uliyoyaona katika habari hii. Jifunze lugha ya wagonjwa wako kabla ya kuwahukumu. Ujue kwamba uliowakuta walikuwa na maarifa kabla yako. Andika uyaonayo. Na mahali popote utakapokuwa, ugenini au nyumbani, mfundishe mtu mwingine kazi yako mpaka aweze kuifanya wewe usipokuwapo. Ukirudi, rudi na ujuzi. Usiporudi, tafuta njia ujuzi wako urudi badala yako, kwa kufundisha na kwa kusaidia shule iliyokulea. Mgeni anayetibu huponya mwenyeji wa leo. Anayefundisha huponya na wajukuu wa mwenyeji, hata baada ya jina lake kusahauliwa.