Ardhi iliyoitwa tupu: watetezi wa wakulima na vita ya maneno kuhusu ethanoli

Ukitoka Tabora mjini ukaipita Sikonge, lami inakufikisha Ipole, na hapo barabara inagawanyika. Moja inashika upande wa magharibi kwenda Koga hadi Mpanda. Nyingine inateremka kusini kwenda Rungwa, Chunya na Mbeya. Mwaka 1871, vita vya mtemi Mirambo vilipoifunga njia kuu ya misafara ya kwenda Ujiji, Henry Morton Stanley aliondoka Kwihara akazunguka kusini kupitia Ugunda na Ukonongo, nchi za upande huuhuu, kabla ya kupanda tena kumtafuta Livingstone. Misafara mingi iliyopita Unyamwezi ilianzia Bagamoyo.

Nataja ncha hizi mbili, Bagamoyo huku na Mpanda kule, kwa sababu ndiko zilikopiganwa hoja kubwa mbili za mjadala wa ethanoli na nishati mimea nchini Tanzania. Ipole iko katikati. Na ukitaka kuelewa watu walikuwa wanagombania nini hasa, hapa katikati ni mahali pazuri pa kuanzia.

Anayepita kwa basi huona miombo, kisha miombo tena. Lakini mrina asali wa Ipole anajua mzinga upi uko mti gani na ni wa nani, na anajua mtundu na miti mingine ya miombo ichanue lini ndipo nyuki wajaze. Mkulima wa tumbaku anategemea pori hilohilo kwa kuni za bani la kukaushia majani, na shamba alilovuna tumbaku msimu huu atalitia mahindi au karanga msimu ujao, kisha alipumzishe. Wafugaji wa Kisukuma wanapitisha ng'ombe. Vijiji vyenyewe vimetenga eneo kubwa kuwa hifadhi ya jamii ya wanyamapori, Ipole ikiwa miongoni mwa jumuiya za mwanzo nchini. Hakuna ekari hapa isiyo na mwenyewe au isiyo na kazi, hata kama kazi yenyewe ni kupumzika. Ardhi ya namna hii, ikifika kwenye karatasi ya mwekezaji, huitwa ardhi isiyotumika.

Mkoa huu uliwahi kuonja kauli hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Frank Samuel wa kampuni ya United Africa akaja na wazo la kulima karanga kwa mashine, na mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ukaizunguka Tanganyika kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, ukaona nchi pana isiyo na watu. Mpango ukawa wa zaidi ya ekari milioni tatu, na Urambo ya mkoa huu ikachaguliwa pamoja na Kongwa na Nachingwea. Matrekta yalivunjika, mvua zikakosekana Kongwa, na mwaka 1951 mradi ulifutwa baada ya kumeza kama pauni milioni 36. Mkulima wa Kinyamwezi, ambaye karanga alizijua, hakuwa na wa kumsemea kwenye meza ile. Urambo ikaja kuwa nchi ya tumbaku.

Miaka 60 baadaye meza ikaandaliwa upya. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2005, ikaiongeza nguvu mwaka 2007, ya kulazimisha petroli ichanganywe na nishati mimea. Umoja wa Ulaya ukajiwekea lengo la asilimia 10 ya nishati ya usafiri kutoka vyanzo jadidifu ifikapo 2020. Brazil ilikuwa imeshatangulia kwa ethanoli ya miwa tangu 1975, na jirani zetu wa Malawi wanachanganya ethanoli ya Dwangwa na petroli tangu 1982. Ethanoli yenyewe si kitu kigeni kwa mtu wa Tabora: chachu ikila sukari hutoa kilevi, ndivyo asali inavyokuwa wanzuki. Kiwandani kilevi hicho huchujwa kwa mvuke na kukaushwa maji mpaka kiwe safi cha kutosha kuingia kwenye injini. Tani moja ya miwa hutoa lita 70 hadi 80. Tani moja ya mahindi, yaani magunia kumi ya kilo mia, hutoa lita kama 400, sawa na kujaza matangi manane ya gari dogo.

Serikali iliunda kikosi kazi cha nishati mimea mwaka 2006. Wawekezaji wakamiminika, na lugha yao ilikuwa tamu. Tanzania, walisema, ina hekta milioni 44 zinazofaa kulimwa na nyingi zimelala. Mafuta yatapungua kuagizwa, ajira zitakuja, hewa itapona, na mkulima mdogo atauza zao lake kiwandani kwa mkataba. Kwa mbono, mti wa mbegu za mafuta ambao vijijini hupandwa kuzungushia boma na makaburi, walisema hauhitaji maji wala rutuba, kwa hiyo hauwezi kugombana na chakula. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyoanguka mapema kuliko zote. Mbono huvumilia ardhi mbaya, ni kweli, lakini kuvumilia si kuzaa. Aliyetaka mbegu za kutosha biashara alilazimika kutafuta ardhi nzuri yenye mvua, yaani ardhi ya mahindi.

Kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipata zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe. Kampuni ya Uholanzi, Bioshape, ikalenga hekta 34,000 Kilwa, kwenye ardhi ya vijiji vya Mavuji, Migeregere, Liwiti na Nainokwe. Zote mbili zilikuwa za mbono. Ya ethanoli hasa ilikuwa SEKAB ya Sweden, iliyotaka kulima miwa Bagamoyo kwenye ranchi ya zamani ya Razaba, ukubwa wa zaidi ya hekta 20,000 kando ya mto Wami na hifadhi ya Saadani, na baadaye kuingia Rufiji kwa ukubwa wa kutisha zaidi.

Tuingie kidogo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, maana hapo ndipo maneno yalipogeuka hati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 hairuhusu mgeni kumiliki ardhi ya kijiji. Ardhi inabidi kwanza ihamishwe iwe ardhi ya jumla, na ikizidi hekta 250 uamuzi wa mwisho unapanda hadi kwa waziri, baada ya mkutano mkuu kutoa maoni yake. Kwa hiyo mgeni anakuja na mtu wa wilaya. Mwenyekiti anafungua kikao chini ya mwembe, mtendaji anaandika. Zinatajwa zahanati, kisima, barabara, madarasa. Watu wanapiga makofi, mikono inanyooshwa, muhtasari unagongwa mhuri pamoja na orodha ya mahudhurio. Kwenye muhtasari huo kunabaki jambo moja lenye nguvu ya kisheria: kijiji kimekubali. Zahanati na kisima vimesemwa kwa mdomo. Kisarawe na Kilwa wanakijiji wengi walikuja kugundua kuwa hawana hata nakala ya mkataba, na Bioshape ilipofilisika na Sun Biofuels kusimamisha kazi mwaka 2011, hawakurudishiwa ardhi kwa sababu ilikwisha kutoka mikononi mwao. Ikihamia ardhi ya jumla, hairudi yenyewe.

Watetezi wa wakulima ndipo walipopata hoja yao. Taasisi ya HAKIARDHI, iliyoanzishwa mwaka 1994 baada ya tume ya ardhi ya Profesa Issa Shivji, haikupoteza muda mwingi kubishana kama ethanoli inapunguza moshi. Iliuliza nani alikuwepo kwenye kikao, nani alisaini, fidia ililipwa kwa nani. MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima ulioanza 1993 na wenye makao Morogoro, walikuwa na kaulimbiu inayojulikana kila kata yenye wanachama wao: mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Kwa maoni yangu huo ndio ulikuwa usemi wenye busara kuliko yote katika mjadala mzima, kwa sababu ulikataa mkulima asemewe na kampuni na ukakataa pia asemewe na wanaharakati.

Kusemewa kulikuwepo. SEKAB ilikuwa kwa sehemu kubwa mali ya umma ya manispaa za kaskazini mwa Sweden, zikiwemo Örnsköldsvik, Umeå na Skellefteå, na mashirika ya mazingira na maendeleo yakatambua haraka kwamba mlipakodi wa huko ana masikio kuliko ofisi nyingi za hapa. Ubishi mkali ukahamia kwenye magazeti ya Sweden. Ulikuwa na matokeo: mwaka 2009 manispaa zilijitoa na mradi ukanunuliwa na waliokuja kuitwa EcoEnergy, wakauendeleza kama mradi wa sukari kwanza, ethanoli ikifuata. Mwaka huohuo wa 2009 serikali ilitangaza kusitisha maombi mapya ya nishati mimea mpaka uwepo utaratibu, na mwongozo ukatoka Novemba 2010. Mwaka 2015 ActionAid ikatoa ripoti ikiutuhumu mradi wa Bagamoyo kwa unyang'anyi wa ardhi. Kampuni ikakanusha na kuonyesha mpango wake wa kuwahamisha watu kwa viwango vya kimataifa. Mwaka 2016 serikali ikafuta mradi, ikitaja maji ya Wami na wanyama wa Saadani.

Sababu iliyotajwa mwisho inaniuma mpaka leo. Wanavijiji walikuwa wamesema kwa miaka kadhaa kuhusu mashamba na nyumba zao. Kilichofunga faili ni mto na wanyama. Mto na wanyama ni haki vilindwe, na mtu wa Ipole anayeishi na hifadhi ya jamii atakuwa wa kwanza kukubali. Lakini watetezi walipaswa kuuliza kwa sauti kubwa zaidi kwa nini hoja ya mkulima pekee haikutosha. Sehemu ya ardhi hiyohiyo, kama hekta 10,000, ilikuja kupewa kampuni ya Bakhresa kwa ajili ya sukari, na wale wa Sweden wakaishtaki Tanzania kwenye mahakama ya usuluhishi ya Benki ya Dunia, ambako walishinda mwaka 2022.

Sasa tushike barabara ya magharibi. Mwaka 2010 kampuni ya AgriSol Energy kutoka jimbo la Iowa, Marekani, ilitia saini makubaliano na halmashauri ya Mpanda kuhusu ardhi ya makazi ya wakimbizi ya Katumba na Mishamo. Ukijumlisha Lugufu ya Kigoma, ilikuwa hekta 325,117: Mishamo 219,800, Katumba 80,317, Lugufu 25,000. Nyuma ya kampuni alikuwepo Bruce Rastetter, mtu aliyejenga utajiri wake kwa nguruwe kisha kwa viwanda vya ethanoli ya mahindi. Maneno yalikuwa yaleyale: kilimo cha kisasa kwenye ardhi itakayobaki wazi. Ila Katumba na Mishamo waliishi Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 pamoja na watoto na wajukuu wao. Walikuwa wamelima hapo karibu miaka 40 na waliuza mahindi na maharage yao mpaka nje ya mkoa. Mwaka 2010 watu wapatao 162,000 wa kundi hilo, pamoja na wenzao wa Ulyankulu hapa Tabora, walikubaliwa kuwa raia, kwa sharti la kuhama.

Juni 2011 taasisi ya Oakland ya California ikachapisha nyaraka za mpango huo. Nguvu yake haikuwa katika ukali wa maneno. Ilikuwa katika makubaliano yenyewe yaliyowekwa hadharani, hekta kwa hekta. Mwanahabari Dan Rather akaufanyia kipindi cha televisheni. Kule Iowa, chama cha wananchi na wakulima wadogo kikamwandama Rastetter, wakati huo mjumbe wa bodi inayosimamia vyuo vikuu vya jimbo, kwa kuwa chuo kikuu cha Iowa State kilikuwa mshirika wa mradi. Chuo kikajitoa mwanzoni mwa 2012. Kuanzia 2014 vyeti vya uraia vikagawiwa na watu wakaruhusiwa kubaki. Mpango wa mashamba makubwa Katumba na Mishamo ukafa.

Nchini Marekani kwenyewe, wasemaji wa wakulima wa mahindi wana hoja zao, na si za kudharau. Wanasema ethanoli imempa mkulima soko la uhakika, na kwamba karibu theluthi ya mahindi yanayoingia kiwandani hurudi kama chakula cha mifugo. Wapinzani hukumbusha bei za chakula za 2007 na 2008, na kauli ya Jean Ziegler wa Umoja wa Mataifa kwamba kugeuza chakula kuwa mafuta ya magari ni uhalifu dhidi ya binadamu. Mwaka 2021 kampuni ya Summit, aliyoianzisha Rastetter huyohuyo, ikatangaza bomba la kusafirisha hewa ya ukaa kutoka viwanda vya ethanoli, likikatiza mashamba ya majimbo kadhaa. Wakulima wa mahindi, wengine wakiwa wauzaji wa viwanda hivyohivyo, wakasimama kukataa ardhi yao kuchukuliwa kwa nguvu. Machi 2025 South Dakota ikapitisha sheria ya kuwalinda. Hoja yao mbele ya wabunge ilikuwa kwamba shamba ni lao na hawakukubali, hoja ambayo mzee wa Nainokwe angeifuata bila mkalimani.

Ethanoli inarudi tena, safari hii jikoni. Mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya kaya ziachane na kuni na mkaa, na ethanoli imo kwenye orodha. Kwa wilaya inayokata miti kwa ajili ya mabani na mkaa, hii ni habari njema, na ningependa iungwe mkono kwa moyo. Kiwanda cha Kilombero kinatengeneza spiriti kutokana na molasi, mabaki ya sukari, bila kuhitaji shamba jipya. Lakini litakapotajwa shamba jipya la miwa au la muhogo, iwe Sikonge au kwingine, halmashauri ya kijiji iombe mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili, usomwe wote mbele ya mkutano mkuu, na zahanati iliyoahidiwa iingizwe humo pamoja na tarehe ya kukamilika na kifungu cha ardhi kurudi kijijini mradi ukifa. Nakala moja ibandikwe kwenye mlango wa ofisi ya mtendaji siku 30 kabla ya watu kunyoosha mikono.