Vizazi vya kadi za michoro

Kizazi cha kadi ya michoro ni kundi la kadi za kompyuta zilizojengwa juu ya muundo mmoja wa chipu na kutolewa sokoni katika kipindi kimoja. Kadi ya michoro ni kifaa kinachokokotoa picha zinazoonekana kwenye skrini. Hutumika katika michezo ya kompyuta, kuhariri video, usanifu wa majengo, uchoraji wa pande tatu na kuendesha programu za akili bandia. Kwa kuwa kizazi kipya hutoka kila baada ya miaka miwili hivi, mnunuzi hukutana na swali lilelile kila mara: anunue kadi iliyopo, au asubiri ijayo?

Historia

Kampuni ya Nvidia ilianzishwa nchini Marekani mwaka 1993. Mwaka 1999 ilitoa GeForce 256, iliyouzwa kwa jina la prosesa ya michoro. Mshindani wake mkuu ni AMD, iliyoinunua kampuni ya ATI ya Kanada mwaka 2006. Intel iliingia tena katika soko hilo mwaka 2022 kwa kadi za Arc.

Vizazi vya karibuni vya Nvidia vilianza kutoka kama ifuatavyo:
* GTX 10: Mei 2016
* RTX 20: Septemba 2018
* RTX 30: Septemba 2020
* RTX 40: Oktoba 2022
* RTX 50: Januari 2025

Kwa kawaida kadi za bei kubwa hutangulia, na za bei nafuu hufuata miezi kadhaa baadaye. RTX 4090 ilitoka Oktoba 2022 kwa dola 1,599, lakini RTX 4060 ya dola 299 ilitoka Juni 2023. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo husubiri muda mrefu zaidi ya tarehe inayotangazwa.

Matokeo ya kusubiri

Kusubiri hakukuwa na faida sawa katika kila kizazi. Mwaka 2018 RTX 2080 ilianza kuuzwa kwa bei iliyokaribia ile ya GTX 1080 Ti ya mwaka 2017, na katika michezo mingi ya wakati huo kasi zao zilikaribiana. Kipya kilikuwa hasa uwezo wa kufuatisha miale ya mwanga.

Mwaka 2020 hali ilikuwa tofauti. Nvidia ilitangaza RTX 3070 ya dola 499 yenye kasi ya kukaribia RTX 2080 Ti, iliyokuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Baadhi ya watu waliuza kadi zao za zamani kwa bei ya chini wakitegemea kupata mpya. Lakini kadi mpya ziliadimika kutokana na upungufu wa chipu, ongezeko la mahitaji wakati wa janga la UVIKO-19 na uchimbaji wa sarafu za kidijiti. Mwaka 2021 hata kadi zilizotumika ziliuzwa kwa bei kubwa kuliko bei yake ya awali. Hali ilitulia mwaka 2022. Tarehe 15 Septemba mwaka huo mtandao wa Ethereum uliacha mfumo wa uchimbaji uliotegemea kadi za michoro, na kadi nyingi za wachimbaji zikauzwa kama mitumba.

Kizazi kipya si lazima kizidi cha zamani katika kila kipimo. RTX 3060 ya mwaka 2021 ilitoka na kumbukumbu ya gigabaiti 12, lakini RTX 4060 iliyofuata ina gigabaiti 8. Kwa kazi inayohitaji kumbukumbu nyingi, kadi ya zamani inaweza kufaa zaidi.

Athari ya Osborne

Kusubiri kwa wanunuzi kunaweza pia kumwumiza muuzaji. Jambo hilo huitwa athari ya Osborne, kutokana na Osborne Computer Corporation ya Marekani iliyofilisika mwaka 1983. Husimuliwa kuwa kampuni hiyo ilizungumzia kompyuta zake zijazo mapema mno, na wateja wakaacha kununua ile iliyokuwepo. Baadhi ya waandishi wa historia wanaona kulikuwa na sababu nyingine pia, zikiwemo ushindani na uendeshaji mbaya.

Hali katika Tanzania

Bei za kadi hupangwa kwa dola, na mnunuzi wa Tanzania huongezewa usafirishaji, faida ya muuzaji na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Thamani ya shilingi nayo huchangia: kadi ya dola 300 ni shilingi 720,000 dola ikiwa 2,400, na shilingi 810,000 dola ikiwa 2,700. Tofauti hiyo ya shilingi 90,000 inaweza kumeza punguzo lote lililosubiriwa.

Katika miji midogo iliyo mbali na Dar es Salaam, kama Omurushaka wilayani Karagwe, mkoa wa Kagera, kadi mpya huchelewa zaidi kufika, na kurudisha yenye hitilafu ni safari ndefu. Kwa hiyo dhamana ya muuzaji ni sehemu ya bei.

Umeme pia huamua. GTX 1650 ya kawaida hutumia wati 75 hivi, RTX 3080 wati 320 na RTX 5090 wati 575. Kompyuta nyingi za ofisi zinazouzwa zikiwa zimetumika zina pawasaplai ndogo, na zile nyembamba hupokea kadi fupi tu. Anayesubiri kadi yenye nguvu zaidi huenda akalazimika kubadili pawasaplai au kompyuta nzima. Mahali ambapo umeme hukatika au hupanda na kushuka, stabilaiza na betri ya akiba ni gharama za kuhesabiwa pia.

Namna ya kuamua

Njia rahisi ni kulinganisha punguzo linalotarajiwa na hasara ya kukaa bila kadi. Kwa mfano, mwenye studio ya video za harusi anaona kadi ya shilingi 900,000 na anatarajia ishuke hadi 750,000 baada ya miezi sita. Ikiwa kompyuta yake ya sasa inamkosesha kazi ya shilingi 40,000 kila mwezi, atapoteza 240,000 ili kuokoa 150,000. Huyo anunue sasa, hasa kama msimu wa harusi umekaribia. Mwanafunzi ambaye kompyuta yake bado inamtosha hapotezi kitu, hivyo anaweza kusubiri.

Kwa jumla, kusubiri kunafaa zaidi kama tarehe na bei ya kadi mpya vimeshatangazwa, na kadi iliyopo inatosheleza. Kununua kunafaa zaidi kama kazi imesimama, au kizazi kijacho bado ni uvumi. Hata kizazi kipya kikitoka, kadi iliyonunuliwa huendelea kufanya kazi ileile iliyonunuliwa kuifanya.