Pochi ya babu

Wadau, nimekuwa kimya kidogo. Nilikwenda Kakonko kwenye matanga ya babu, nimerudi Dar na swali ambalo halinitoki kichwani: hivi mali ya mtu inahesabiwaje?

Siku ya tatu baba mdogo alisimama uani kuhesabu mirathi. Migomba, nyumba, baiskeli, ng'ombe wanne zizini. Akachukua bei ya ng'ombe mmoja mnadani, akazidisha kwa nne, akasema: "Basi. Hivyo ndivyo alivyoacha mzee."

Kabla hatujanyanyuka, akaingia mzee mmoja kutoka kilima cha pili, anaswaga mtamba. Akasema babu alimpa jike amlee miaka mingi iliyopita, na huyu mtamba ni fungu la babu. Hakuna aliyekuwa anajua. Hakuna karatasi. Baba mdogo akakaa chini.

Watu wa Kibondo na Kasulu wanajua ninachosema. Zamani Buha ilikuwa na mfumo wa ubugabire. Mwenye ng'ombe anampa mwenzake jike. Aliyepewa anapata maziwa na mbolea, naye anarudisha utii, kazi na baadhi ya ndama. Tajiri hakupimwa kwa zizi lake tu, alipimwa kwa vilima vingapi vina ng'ombe wake. Lakini tusidanganyane, haukuwa urafiki wa sawa kwa sawa. Mara nyingi mtoaji alikuwa Mtutsi na mpokeaji Muha, na jike mmoja aliweza kumfunga mtu maisha yake yote.

Sasa shuka kutoka Kakonko, pita Kibondo na Kasulu, mpaka Ujiji. Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika pale mwaka 1874 akakuta soko linatumia shanga ziitwazo sofi, zinazofanana na vipande vya mrija wa kiko. Asubuhi walikuwepo watu wenye mikoba iliyojaa sofi, wakiwabadilishia wanunuzi kwa shanga nyingine. Soko likifungwa wanazipokea tena kutoka kwa wauzaji. Faida mara mbili! Ukimwaga mkoba ule chini ungehesabu shanga tu. Usingeona kilichoufanya uwe na thamani: kwamba soko zima lilijua jioni mwenye mkoba atakuwepo.

Najua mnajiuliza haya yanahusiana nini na vijana wa mjini wenye simu. Tulieni.

M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 tuliiona ni ya kutuma na kupokea hela tu. Mwaka 2014 ikaja M-Pawa, na ghafla namna ulivyotumia laini yako na ulivyoweka akiba vikaanza kuamua ukopeshwe kiasi gani. Salio likiwa sifuri, historia bado ina thamani.

Pochi za kripto zimelipeleka jambo hili mbali zaidi. Pochi hiyo haina sarafu ndani. Sarafu zimeandikwa kwenye daftari la wazi la mtandaoni, pochi inatunza ufunguo tu, ambao kwa kawaida unaandikwa kama maneno 12 au 24. Na daftari lile halifuti kitu. Septemba 2020 soko la Uniswap liligawa UNI 400 kwa kila anwani iliyowahi kulitumia kabla ya tarehe 1 ya mwezi huo, hata kwa waliojaribu muamala ukakwama. Kwa bei ya siku zile ni zaidi ya dola 1,000. Walioitupa pochi kwa sababu imebaki tupu, na ufunguo wakapoteza, wakabaki kutazama. Mwaka 2022 Vitalik Buterin na wenzake wakapendekeza hata alama zisizouzika kabisa, za kuonyesha umesoma nini na umefanya kazi na nani.

Serikali yetu nayo inahesabu kama baba mdogo. Sheria ya Fedha ya 2024 ilileta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali zinapohamishwa. Kisichouzwa hakionekani. Siilaumu, mtoza kodi hawezi kutoza uaminifu.

Lakini historia ina upande wake wa pili. Daftari linaloonyesha wema wako linaonyesha na madeni yako, kwa kila mtu, milele. Ubugabire ulitufundisha hilo mapema: kuunganishwa na watu ni mali, na ni kamba pia.

Niliporudi nilifungua pochi yangu ya kripto. Salio halifiki elfu kumi. Rafiki yangu alikuwa ameshaniambia niifute. Sijaifuta. Nimeandika yale maneno kwenye karatasi, na dada yangu anajua ilipo.

Maana tofauti niliyoiona Kakonko ni hii. Pochi yangu ina kumbukumbu zote na haina shahidi hata mmoja. Ufunguo ukipotea, yamekwisha. Babu hakuwa na kumbukumbu hata moja, alikuwa na mashahidi. Mmoja alitembea kilima kizima kuja kulipa deni ambalo hakuna mtu angemdai.

Wengine wangapi wamenyamaza? Hatutajua. Ng'ombe wa babu zizini sasa ni watano, na baba mdogo ameacha kuzidisha.